Bango la Mnanaha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilisimama mbele ya nyumba ya jirani yetu, ndoo ya maji ikiwa kichwani, nikawa natazama bustani yake na sielewi ninachokitazama. Pembeni mwa bustani ile, mahali ambapo wengine hupanda mchicha au maboga, palikuwa na mstari wa mimea yenye maua meupe, marefu, yenye midomo ya tarumbeta. Ilikuwa imepandwa kwa kamba ili mstari usipinde. Ilikuwa imepaliliwa na kutiwa samadi, na mmoja uliokuwa umelegea jirani alikuwa ameuegemeza kwenye kijiti na kuufunga kwa kamba ya katani. Mimea yote ile ilikuwa ya sumu. Na mwenye bustani alikuwa ameifahamu kwa mchoro wangu.

Usinicheke kwanza. Nitakueleza taratibu, maana hata mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa, na kuna sehemu ambayo mpaka leo inanichanganya.

Kwetu ni kijiji cha Daudi, kule juu milimani kwenye ukungu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa familia yetu ilihamia tambarare ya Hanang, upande wa Balangdalalu, pamoja na nyumba nyingine kutoka milimani. Tukapangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba, jambo ambalo bibi zetu hawakulizoea kabisa, kwa sababu kwetu kila mtu alijificha na mlima wake. Sehemu kubwa ya kijiji ilikuwa imekaa juu ya maboma ya zamani ya ng'ombe, na samadi ilikuwa ya kutosha. Chochote kilichoanguka chini kiliota. Mahindi yaliota vizuri, alizeti iliota vizuri, na mnanaha, ule mmea wa maua meupe, nao ukaota vizuri kuliko vyote.

Sisi wa milimani hatukuwa na habari nao. Jina lenyewe, mnanaha, tulilisikia kwa nesi wa zahanati, dada mmoja aliyeitwa Mwanahawa, aliyepangiwa kazi huko kwetu akitokea Tanga. Watoto wawili wa mstari wa chini walikuwa wameugua, wakiweweseka na kucheka ovyo, na wazazi wakasema ni malaria ya tambarare imepanda kichwani. Nesi Mwanahawa aliona mbegu nyeusi kwenye matapishi yao. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na tunda lenye miiba mkononi, uso umemwiva kwa hasira. Watoto wale walipona, lakini mmoja alitutia hofu sana.

Basi nesi akawaambia akina mama waliokuja kliniki. Tatizo ni kwamba waliokuja kliniki ni akina mama vijana, na mchana akina mama vijana walikuwa shamba la ujamaa. Watoto walibaki na bibi zao. Na bibi zao hawakwenda zahanati mpaka wabebwe. Ndipo nesi akanifuata mimi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nafundisha kisomo cha watu wazima jioni, msichana mwembamba mwenye maneno mengi. Nilijua kuchora. Nilichora kuku shuleni mpaka mwalimu akaita walimu wenzake waje kumwona. Kwa hiyo nesi alipoingia kwetu na karatasi kubwa ya manila na boksi la kalamu za rangi aliloazima shule, sikushangaa. Nilijiona nimechelewa kufuatwa.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nataka uchore ua hili na tunda lake, lifanane hasa, mtu akilikuta nyuma ya nyumba asibabaike. Tutabandika ofisi ya kijiji. Kila mtu anapita pale."

"Litafanana, dada," nikasema. "Utataka kulinusa."

Kulichora, mwanangu, hapo nilichanganyikiwa mara ya kwanza. Ua lenyewe linafunguka jioni na asubuhi bado zuri, jua likipanda linasinyaa, linakuwa tambara. Nikawa naamka mapema, nakaa kwenye kigoda mbele ya kichaka, nachora mpaka linyong'onyee, naacha, naendelea kesho na ua jingine. Lakini la kesho limegeuka upande mwingine, na la keshokutwa lina mkunjo ambao la kwanza halikuwa nao. Nikawa sijui nachora ua lipi.

Halafu ule weupe. Ndani ya boksi kulikuwa na kalamu nyeupe, ndefu kuliko zote kwa kuwa hakuna aliyewahi kuihitaji. Nikaichukua kwa furaha, nikapaka ua langu lote jeupe, nikarudi nyuma kutazama, nikaona karatasi tupu! Nikapaka tena kwa nguvu mpaka karatasi ikang'aa. Hakuna kitu. Nilikaa pale najiuliza, inakuwaje kitu ninachokiona wazi kiasi hiki kikikaa kwenye karatasi kinapotea?

Nililitazama lile ua kwa muda mrefu, kwa hasira tu, ndipo nikaona kwamba si jeupe. Kooni lina ukijani hafifu. Kwenye mikunjo lina ubuluu, na pale jani linapolifunika lina rangi ya majivu. Weupe halisi ulikuwa mdogo sana, kwenye mdomo tu. Basi nikaiacha karatasi yenyewe iwe weupe, nikapaka ubuluu kidogo kidogo kwenye mikunjo, kalamu ikigusa kama haitaki, juu yake kijivu, kisha nikajaza majani ya kijani iliyoiva nyuma yake, na zambarau kidogo ndani ya kijani ili iwe nzito. Ua likatoka. Nakwambia likatoka lenyewe kwenye karatasi, mdomo wake ukanitazama. Tunda nalo nikalichora limepasuka, mbegu zinaonekana, kila mwiba na kivuli chake. Niliita mama yangu aje aone, naye akapeleka kidole, akakirudisha.

Nesi Mwanahawa alipoliona alifurahi, ila akasema, "Sasa pita na kalamu nyekundu, mistari miwili mikubwa kutoka pembe hadi pembe, watu wajue ni kitu kibaya."

Juu ya ua langu? Nilihisi kama ameniambia nimkwaruze mtoto usoni. Nikamwambia hapana dada, tutaliharibu, halitatambulika tena, afadhali niandike. Nikaandika chini yake kwa herufi nilizozipamba: HATARI. MMEA HUU NI SUMU. Nesi akasitasita, akatazama lile ua tena, akakubali. Nadhani naye alikuwa amelipenda.

Tukalibandika ukuta wa ofisi ya kijiji, kando ya mabango ya bwana shamba, bango la alizeti na bango la mahindi. Yale ya bwana shamba yalikuwa yamechapwa mjini, lakini langu lilizidi yote, na sitajifanya mnyenyekevu sasa hivi wakati siku ile sikuwa. Watu walijaa. Wazee walitikisa vichwa. Bibi Marselina, jirani yetu, alisimama mbele yake akiwa amemfunga mjukuu wake Paskalina mgongoni, akalitazama kwa makini, jani kwa jani, akaniuliza, "Ni wewe umelichora hili, binti?"

"Ni mimi, bibi."

"Umelichora kweli. Nimelielewa."

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Nimelielewa, alisema. Unadhani nilimuuliza ameelewa nini? Sikumuuliza. Nilimuuliza kama ni zuri, kama amependa majani.

Mvua zikanyesha, watu wakawa mashambani, nami nikawa na shughuli zangu. Mpaka asubuhi ile ya ndoo kichwani.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Umeona maua yangu?"

Nikashusha ndoo. Bibi Marselina alikuwa anachekelea, mikono ina udongo.

"Ya kwako ya kwenye karatasi yalikuwa mazuri," akasema, "lakini haya yanakua. Nimeyatoa kule bomani na udongo wake, moja moja. Mama fulani pale mstari wa pili naye anayo, lakini amepanda ovyo. Bwana shamba akija nataka akute yangu yamekaa sawa."

"Bibi, bwana shamba kasema mpande hii?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiye na akili. "Si mmebandika pale ofisini?"

Nikataka kusema kitu, nikaona vitu vitatu vinagombania kutoka mdomoni mwangu. Mwishowe nikasema tu, "Bibi, hii ni sumu. Nimeandika pale chini."

"Mimi kisomo nimefika a, e, i, o, u," akasema, bado anacheka. "Si unanifundisha wewe mwenyewe?" Kisha kicheko kikakatika. "Sumu?"

"Ndiyo iliyowaumiza watoto wa mstari wa chini."

"Sasa kwa nini mmeibandika?"

Bibi alikuwa ameshageuka, anaita, "Paskalina! Paska!" na sauti yake haikuwa ile ya kawaida. Tulimkuta nyuma ya jiko, amekaa chini, tunda la miiba limepasuliwa kwa jiwe mbele yake. Mkononi alikuwa na mbegu chache. Mdomoni sikuona kitu, na hilo ndilo lililonitia woga zaidi, maana hatukujua kama hajala au amemaliza.

Tulikimbia hadi zahanati. Mimi nilimbeba, bibi akanifuata nyuma akisema maneno ya Kiiraqw ambayo sitayarudia, mengine ya sala na mengine si ya sala. Njiani mtoto alikuwa mzima, ananiuliza kwa nini tunakimbia, nikaanza kupata matumaini. Nesi alimpa dawa ya kutapisha papo hapo. Mbegu zikatoka, si nyingi. Lakini baada ya muda Paskalina akaanza kulamba midomo, akataka maji, akanywa, akataka tena. Mwili ukawa wa moto. Mboni zake zikapanuka mpaka macho yakawa meusi matupu, na akaanza kuchuma vitu hewani kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayechambua mboga. Alikuwa anamtazama bibi yake na hamjui.

Nilikaa kwenye benchi la zahanati. Nilikuwa na woga na aibu, nasema wazi, lakini zaidi ya vyote nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilichora vizuri. Nilichora kwa ukweli. Kama ningechora vibaya bibi yule asingeutambua ule mmea, asingeuhamisha, na mtoto asingekuwa nao mlangoni. Sasa kosa lilikuwa wapi? Nililigeuza swali hilo upande huu na upande huu, na kila upande lilinirudisha kwenye mboni za yule mtoto.

Jioni Bibi Marselina alitoka nje akakaa karibu yangu. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia.

"Tangu tuje hapa," akasema, "kila picha iliyobandikwa pale ukutani ni kitu tulichoambiwa tufanye. Alizeti, tukapanda alizeti. Mahindi kwa mistari, tukapanda kwa mistari. Mimi ni mzee, sikutaka kuhama, lakini nimehama, na nikasema nitakuwa raia mzuri. Serikali haijawahi kunibandikia kitu ikamaanisha nisikifanye. Nimekitunza kile kitu vizuri kuliko mboga zangu. Nimekitilia samadi, mjukuu wangu."

Hapo ndipo alipolia, naye hakuwa mtu wa kulia.

"Mliniuliza kama ni zuri," akasema. "Nikasema ni zuri. Basi."

Asubuhi yake Paskalina aliamka amechoka, akamwita bibi yake kwa jina, akaomba uji. Siwezi kukueleza nilivyojisikia. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikapiga magoti kwenye majani yenye umande na sikujali nani ananiona.

Ungedhani mambo yaliisha hapo. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaenda mbio ofisini, nikachora ile mistari miwili niliyoikataa, pembe hadi pembe, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Nikatulia. Mchana nikamwona mzee mmoja wa mstari wa tatu amesimama pale, nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, "Babu, picha hii inasema nini?"

Akaitazama. "Wameweka msalaba mwekundu wa zahanati," akasema. "Kumbe ni dawa. Inatibu nini?"

Na kabla sijamweleza, habari nyingine ikaja: mstari wa pili watu wanang'oa alizeti. Walisikia kwamba picha ya ukutani ni sumu. Picha ipi? Hawakujua. Alizeti nayo ilikuwa ukutani, tena bega kwa bega na ile yangu, na mtoto wa watu alikuwa zahanati. Ningekuwa mimi nisingesubiri kuuliza. Mwenyekiti wa kijiji alifika anapiga kelele acheni, acheni, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba kuna hatari, wakang'oa haraka zaidi. Mahindi yaliponea chupuchupu.

Ikabidi mkutano uitishwe. Nesi Mwanahawa alileta mmea wenyewe, akauponda majani, akaupitisha watu wanuse ile harufu mbaya. Bibi Marselina akasimama, akasema kilichompata mjukuu wake, akaonyesha kwa vidole vyake viwili jinsi mtoto alivyokuwa akichuma hewa. Nikaona jinsi wale bibi wengine walivyovitazama vile vidole, na hapo, mwanangu, kitu fulani kikaanza kunifungukia, ingawa si chote.

Nesi alinipa karatasi nyingine. Nilichora ua lilelile, kwa ubuluu uleule na kijivu kilekile, maana lilipaswa kufanana. Ila nililichora likiwa mkononi mwa mtoto. Mtoto amelala, macho meusi matupu, mkono wa pili uko juu unachuma kisichokuwapo. Na pembeni mwanamke mzee ameketi chini, mikono yote miwili kichwani. Maandishi sikuweka hata moja.

Safari hii sikulipeleka ukutani. Nililikunja nikalipeleka kwa Bibi Marselina. Alikuwa uani anapepeta maharage, Paskalina anacheza karibu yake. Nikalifungua mbele yake, na ilinibidi niume ulimi ili nisimuulize kama limependeza. Nikasema, "Bibi, hii inakuambia ufanye nini?"

Akaweka ungo chini. Alilitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, akapapasa mpaka akampata Paskalina, akamvuta, akamkalisha mapajani na kumkumbatia kwa mikono yote miwili, mtoto akiwa anapiga kelele anataka kurudi kucheza.

"Ondoa mbele yangu," akasema. "Kabandike."

Sasa sikiliza, mwanangu. Wewe una mkono mzuri, tena unajua vitu ambavyo mimi sikuvijua, na utapewa kazi ya kuwaambia watu jambo, kwa picha, kwa maandishi, au kwa mdomo wako tu. Fanya kazi ile kwa ukweli wote, ujifunze mpaka weupe uuone rangi zake. Lakini ukimaliza usikimbilie ukutani. Tafuta yule uliyemfanyia, yule hasa, si mwenzako aliyesoma kama wewe, umkalishe mbele ya kazi yako. Usimuulize kama ni nzuri, atakuambia nzuri, watu wana adabu. Muulize atakwenda kufanya nini. Kisha unyamaze, hata kama jibu lake litakuchanganya. Likikuchanganya ndiyo afadhali, maana umechanganyikiwa wewe na bado hajaumia mtu. Na akikuambia mistari yako miwili myekundu ni dawa, usimcheke. Rudi ukachore upya.

Mungu akupe macho ya kuona na masikio ya subira. Akulindie mikono yako, na kila mlango itakapopita kazi yako, watoto wa ndani wakue na waamke asubuhi wakiomba uji. Amina. Haya, nenda, na umwamkie mama yako.